Kitu Kilichotundikwa Chemchemini

Kinoru, Meru.
Jumatano.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Ndambiri,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Mama. Goti la Mama linaendeleaje tangu baridi ianze? Na ndengu za shamba la chini zimechanua, au bado mnaangalia mawingu? Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama, na chakula nakitia mdomoni kwa sababu tu saa ya kula imefika.

Najua utashangaa kupokea barua na simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi tangu Jumapili, nikaiweka. Ukinikatiza hata mara moja ujasiri utaniisha, na wewe Baba, kukatiza watu ni kipaji chako.

Jumapili Mama aliniambia kwa simu kwamba Jumamosi hii saa nne kamati ya maji itakutana chemchemini, na kwamba wazee wanataka bibi kizee jirani yetu, Cucu Ciakuthii, aapishwe mbele ya watu wote kuwa si yeye aliyeweka kile kitu kilichotundikwa mtini. Akasema wewe umekubali. Watu wanakiita kithitu, laana ya kumuua atakayegusa maji, na sasa kina mama wanatembea saa nzima hadi mtoni. Maziwa ya Cucu hayanunuliwi tena, na wajukuu wake wanatupiwa maneno njiani.

Baba, ngoja nikueleze kitu hicho kilitoka wapi.

Hapa Meru, karibu na soko la Gakoromone, kuna vijana waliookota takataka za mtoni wakazining'iniza kwenye waya juu ya mfereji: ndara, vifuniko vya sufuria, chupa, hata mdoli asiye na kichwa. Upepo ukivuma vinagongana, na wapita njia wanainua macho. Kiongozi wao, kijana anayeitwa Mutuma, aliniambia, "Ticha, mabango watu wameshazoea. Hii inawashtua kwanza, halafu kila mtu anajiuliza yake." Niliwapeleka wanafunzi wangu pale, nikamwambia kila mmoja achague kitu kimoja, kisha aandike kana kwamba ni hicho kitu kinachozungumza. Sijawahi kusahihisha insha tamu kama zile. Msichana mmoja aliandika kwa sauti ya ndara, akiuliza mwenzake alibaki na mguu gani.

Nikajiona nimepata ufunguo. Lile bango la kamati yako, usikasirike, hakuna anayelisoma. Limeandikwa ni marufuku kutupa taka, na nepi zinatupwa chini yake. Basi nilipokuja likizo, asubuhi ile niliyosema naenda kutafuta mtandao wa simu, nilikwenda chemchemini. Nilifunga kwa waya makopo yenye kutu na chupa za dawa ya kunyunyizia ndengu. Katikati nikaweka pembe ya mbuzi niliyoikuta majini, nikaizungushia kitambaa chekundu ili ionekane kwa mbali. Nilidhani watu watacheka, kisha wataona aibu.

Pembe na kitambaa chekundu, Baba! Mimi niliyezaliwa hapo, ninayejua wazee wetu huapisha watu kwa vitu gani. Hata mtoto wa chekechea wa kwetu hangefanya kosa hilo. Nilikuwa nimekaa mjini hadi nikaona urembo tu.

Kama ingekuwa hilo peke yake, ningekupigia simu tucheke. Lakini kuna jambo lingine, na ndilo linalonifanya nishindwe kula.

Unakumbuka uliponipigia wiki iliyopita, ukaniuliza kama nilimwona mtu yeyote chemchemini nilipokuwa nyumbani? Niliogopa. Wewe ni mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa. Nikawaza watu watasema binti yako ndiye aliyeleta ushetani. Nikakujibu kwamba sikuona mtu, isipokuwa Cucu Ciakuthii, ambaye hushinda pale peke yake. Ukarudia jina lake, ukasema asante. Nilisikia ulivyolitamka, nikajua umeelewa nini, na sikukurekebisha. Sikukuambia kwamba hushinda pale akiokota nepi za watu kwa kijiti, na kwamba asubuhi ile alinisalimu na kuniombea safari njema. Jina lake halikutoka kwa majirani, Baba. Lilitoka kwangu.

Barua hii nimempa Gichovi wa duka la mbegu, atakufikishia kesho. Tafadhali nenda kwa Cucu siku hiyo hiyo, umwambie nyumbani kwake kabla hajasikia kwingine. Mimi nimeomba ruhusa shuleni, na Jumamosi nitakuwa hapo kabla ya saa nne nikitoe kitu kile kwa mikono yangu. Nikichelewa, usikubali aapishwe. Wasomee watu barua hii kwa sauti ile yako ya kanisani, na usiruke ile sehemu ya simu ili kulinda jina letu.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mwambie Mama nampenda, na kwamba Jumamosi asinitetee.

Ni mimi binti yako, niliyemsingizia mama wa watu,
Wamuyu.