Jibu Nililompa Dinah

Bura,
16 Septemba 1979

Mpendwa mdogo wangu Fanuel,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na mkeo Dinah na wote walio chini ya paa lenu huko Chala. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na si umelala, na kwamba tumbo sasa linakubali kukaa na chakula. Huku Bura mvua hazijaanza, lakini kabichi za jirani zimefunga vizuri kwa maji ya mfereji. Mimi ni mzima kwa kadiri anavyoweza kuwa mzima mtu ambaye moyo wake umechoka. Daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba moyo wangu umepanuka, hautarudi ulivyokuwa, na nisianze kazi ndefu. Nimeamua kwamba kukuandikia wewe si kazi ndefu. Naandika kidogo, napumzika, kisha naendelea, kwa hiyo ukiona mwandiko unabadilika usidhani ni watu wawili.

Nina hakika unajua kwamba mwezi wa Juni Dinah alipanda huku kuniona. Alinieleza kwamba hospitali wamekupima kila kitu cha kupimwa na hawajaona ugonjwa, na wewe unazidi kukonda. Akasema wazee wa ukoo wameagiza kwamba kila mkubwa wako wa damu aulizwe kama kuna neno analoliweka moyoni juu yako, maana wanasema hasira ya mkubwa humwuguza mdogo. Aliuliza kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Nilimjibu kwamba mimi ni mzee wa kanisa na nimefundisha shule maisha yangu yote, kwamba mambo hayo tuliyaacha zamani, na kwamba hata hivyo sina kinyongo na mtu. Dinah alimaliza chai, akanishukuru, akateremka kwenda barabarani na kikapu chake. Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lakini siwezi kulifikia bila kukupitisha Voi, kwa hiyo univumilie.

Mwezi uliopita nilialikwa Voi kwenye mkutano wa waandishi wanaojichapishia vitabu. Sikudhani tuko wengi hivyo. Tulijaa ukumbi wa kanisa: walimu, makarani wa mashamba ya katani, mkunga mmoja, na mzee kutoka Kishushe ambaye alipanda lori la ng'ombe ili afike, na harufu ikatuhakikishia kwamba hasemi uongo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za lugha na hekima. Kumbe mkutano wote ulikuwa wa biashara. Aliyeuongoza ni Jeconia Oloo, karani wa reli, ambaye ameandika kijitabu cha namna ya kuishi na wakwe katika nyumba ya chumba kimoja. Anakiuza kwenye vituo vya treni, na kimemzidi kwa umaarufu. Alianza kwa kuuliza nani kati yetu amewahi kula kutokana na kitabu chake. Hakuna aliyeinua mkono. Akasema basi yeye ndiye tajiri wa ukumbi, kwa sababu aliwahi kula samaki mmoja, tena mdogo. Kisha akasema kwamba mtu aliyechapa kitabu kwa jasho lake akakiweka chini ya kitanda hana kitabu, ana godoro la pili. Watu walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu, maana unajua vitabu vyangu viko wapi.

Alitufundisha mengi ambayo ningependa kuyajua miaka mingi nyuma: jinsi ya kuzungumza na mwenye duka, jinsi ya kujua msomaji wako ni nani kabla ya kwenda kwa mchapaji, na kwa nini jina la kitabu lisiwe refu kuliko subira ya mtu aliyebeba mzigo. Siku ya pili alituamuru tuweke vitabu vyetu mezani, kimoja kimoja, na wengine wajifanye wapita njia na kusema kwa nini hawatakinunua. Mwenye kitabu haruhusiwi kujitetea. Neno lake ni moja tu, asante. Akaanza na chake mwenyewe. Fundi wa cherehani mmoja, Nduku, aliyeandika kitabu cha kukata nguo, alimwambia kwamba yule bwana aliyechorwa kwenye jalada anafanana na mbuzi aliyevishwa tai, na mwanamke mwenye wakwe hataki kuongezewa mbuzi. Oloo akainama akasema asante, mama.

Kisha wakaweka changu. Unakikumbuka, jalada jeusi lenye maandishi ya fedha, na lile jina: Mkusanyiko wa Mila, Desturi na Kumbukumbu za Wazee wa Milima ya Taita Pamoja na Maelezo ya Mwandishi. Nduku alikigeuza huku na huku, akakirudisha polepole, akasema yeye alidhani ni kitabu cha kuandikia majina ya waliokuja kwenye mazishi.

Fanuel, ukumbi ulicheka na mimi nikasikia sauti yako. Si ya Nduku, yako. Maana wewe ulisema hivyo hivyo, hapa uani kwangu, Pasaka ile niliyowaita watu kusherehekea kitabu. Mchungaji alikuwa amekwisha kukibariki, mchele uko motoni, nikakupa nakala ya kwanza mbele ya wote kwa sababu wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemfundisha kusoma, kabla hata sijaajiriwa. Ukaipokea kwa mikono miwili, ukaitazama, ukasema, “Dada, hiki ni kitabu au tangazo la matanga? Nilikuwa naanza kutafuta pa kukaa na waombolezaji.” Mchungaji alicheka mpaka akatoa leso. Mimi nilicheka pia. Wewe ukaendelea kusema kwamba ndani kinaweza kuwa kizuri sana, ila hakuna atakayethubutu kukifungua, lakini maneno hayo hakuna mwingine aliyeyasikia, na mimi nilijifanya siyasikii.

Pale Voi nilisema asante kwa Nduku. Wakati wa chai nilikaa naye, akanigawia mandazi yake, na kabla vikombe havijaoshwa tulikuwa tunacheka pamoja. Baadaye nikiwa peke yangu jambo hili lilinitisha. Mwanamke nisiyemjua ameniambia neno lile lile mbele za watu, na nimemsamehe kabla chai haijapoa. Wewe, miaka miwili na zaidi, sijakuandikia hata mstari. Nilitafuta sababu, nikaona ni kwamba Nduku si wangu. Yeye akinicheka amemcheka mwanamke mmoja mzee. Wewe ulipocheka nilihisi nimechekwa na mtoto niliyemshika kidole kumwonyesha herufi.

Mchana ule Oloo aliniomba nifungue popote nisome. Nilifungua pale mama alipokutuma ulinde mahindi, ukalala, nyani wakala safu nzima, na mama akawafukuza na mwiko huku akiwaita kwa majina ya majirani. Watu waligonga meza. Yule mzee wa Kishushe alisema kitabu kimevaa nguo za mtu mwingine. Basi wakaninunulia karatasi za kaki, zile za kufunikia madaftari ya shule, tukazifunika nakala nilizokuja nazo, na mmoja mwenye mkono mzuri akaandika juu ya kila moja kwa wino mwekundu: Siku Mama Alipofukuza Nyani. Walikipa kitabu jina hilo bila hata kuniuliza. Sikujitetea. Nilisema asante.

Siku ya mwisho tulipelekwa kituoni tukauze wenyewe. Treni ya Taveta ilikuwa imechelewa, kwa hiyo abiria walikuwa wengi na hawana la kufanya. Oloo alisema ucheleweshaji wa reli ndio mfadhili mkuu wa fasihi yetu. Nilikaa kwenye benchi kwa sababu ya pumzi, nakala zikiwa mapajani, na watu wakanijia. Zote zilikwisha. Usishangae ukimkuta mtu sokoni Taveta anakutazama na kutabasamu.

Sasa, Fanuel, nimefika pale nilipokuwa nakwenda. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisoma akiwa amesimama, akacheka peke yake, kisha akaja kuniuliza kama yule mvulana aliyelala shambani yuko hai. Nikasema yuko hai, yuko Chala. Akaniuliza kama tunaonana. Nikamwambia tunaonana sana. Treni ikaingia, akapanda. Na mimi nilibaki nimekaa na furaha ambayo sikuwahi kuipata katika uandishi wangu wote, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe, na sikuweza, kwa sababu ya uongo huo na ule niliomwambia Dinah.

Nilikuwa na kinyongo nawe. Nilikuwa nacho Dinah aliponiuliza, nilikijua, na nilimtazama usoni nikakana. Si kwamba nilisahau. Kuna mabaya zaidi ya hapo, nami nisipoyasema sasa sitayasema tena. Nilipoambiwa unaumwa, kabla sijahuzunika, kuna kitu ndani yangu kilichosema kwamba sasa utajua uchungu. Kilipita haraka, lakini kilikuwa changu, si cha mtu mwingine. Ndiyo maana nilimjibu Dinah kwa Biblia. Niliogopa kuulizwa mara ya pili.

Sijui kama hasira inaweza kutoka Bura ikamfuata mtu mpaka Chala na kumkalia tumboni. Daktari atasema haiwezekani, mchungaji atasema ni ushenzi, na mimi mwenyewe niliwafundisha watoto hivyo kwa miaka mingi. Endelea kwenda hospitali, na dawa usiache. Lakini nilimwona bibi yetu akitasa, akiitoa hasira kama wazee walivyofanya, pombe ya miwa kinywani, akiipuliza nje ya mlango na kusema hasira imetoka, na sikumbuki hata mara moja ambapo hewa ya nyumba haikubadilika baada ya hapo. Basi juzi asubuhi nilichukua maji kwenye kikombe, maana pombe siwezi, nikakaa mlangoni nikielekea upande wenu. Mara ya kwanza kikohozi kilinibana nikayameza. Nilijicheka. Mara ya pili nilianza kwa kusema kama nina hasira na mdogo wangu, nikakatiza hapo hapo, kwa maana kwa lile “kama” nilijisikia mwongo tena. Mara ya tatu nilisema hivi, nami nakuandikia kama nilivyosema: Nilimkasirikia Fanuel. Alinicheka nami nikaificha hasira na kuilisha. Leo naitoa. Apoe. Ale ashibe, alale, aamke. Nikapuliza, na nusu ya maji ikaangukia gauni langu, kwa kuwa pumzi imekwisha. Nadhani nusu iliyofika nje inatosha.

Sikuombi unisamehe upesi. Nilikuacha miaka miwili bila barua, na bila shaka nawe ulijiuliza umekosa nini mpaka ukachoka kujiuliza. Ikiwa nawe una neno, usilitunze kwa sababu mimi ni mkubwa wako na ni mgonjwa. Litoe, kwa maji au kwa barua ya matusi, vyovyote. Na ukipata nguvu ya kupanda treni, njoo. Ukija nitafurahi kuliko nilivyofurahi pale benchini, na ukichelewa, basi ujue kwamba hakuna lililobaki kwangu juu yako.

Wasalimie watoto na majirani wanaokuletea uji. Na Dinah msalimie kwanza kabla ya wote, tena msomee sehemu hii kwa sauti. Mwambie alitembea njia ndefu kuuliza swali la haki, na mimi nikamrudisha na chai na uongo. Leo nimelijibu: ndiyo, mama, nilikuwa nalo neno. Sasa sina.

Ni mimi dada yako,
Tryphena