Nywele za Kumvika Bikira

San Roque, 8 Februari 1987

Mwanangu Nubia,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ila goti hili likipata baridi hunikumbusha umri. Wewe u mzima? Unakula?

Nakuandikia kwa ajili ya sanamu yetu ya Bikira wa Mateso. Jana nilimvua shela nimfute vumbi, nywele zake zikanibaki mkononi kama manyoya ya kuku mgonjwa. Nilizitoa mimi nikiwa msichana, kama bibi yako alivyotoa zake kabla yangu. Sasa ni zamu yako. Padri nimeshamwambia, na kanisa zima linajua, hata Ofelia, ambaye miaka yote anautolea macho ufunguo wa kabati la Bikira ninaoutunza. Nimemwambia asubiri aone nywele zako za rangi ya asali. Njoo tuzikate kabla ya maandamano ya Ijumaa Kuu.

Mama yako, Hermelinda

Bogotá, 22 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, nakula. Pole na goti.

Mama, usinikasirikie. Nywele zangu ni nyeusi tangu Novemba. Hapa dukani tunapouza vitambaa, wenzangu waliniita Ndevu za Mahindi, na mteja akiingia walisema, "Muulize yule wa shamba." Nikachoka. Nikazitia rangi, wakanyamaza. Sikukuambia kwa aibu. Huwezi kumwomba mtu mwingine? Binti wa Ofelia ana nywele nzuri.

Binti yako, Nubia

San Roque, 1 Machi

Nubia,

Hujambo? Mimi sijambo.

Binti wa Ofelia! Bora Bikira atoke na kipara. Nimeziosha nywele hizo kwa maji ya maua tangu unanyonya, leo unazipaka piko kama kikongwe anayetafuta mchumba. Huko mjini saluni ziko kila kona. Zirudishe zilivyokuwa. Usinitie aibu mbele za watu.

Mama yako

San Roque, 29 Machi

Nubia,

Natumaini u mzima, maana kimya chako sikielewi. Dereva wa basi anaapa barua yangu alikupa mkononi. Nywele zimefikia wapi? Jana Ofelia aliniuliza mbele ya padri kama mwaka huu Bikira atavaa kofia.

Mama

Bogotá, 7 Aprili

Shikamoo Mama,

Pasaka siji.

Msusi aliniambia, "Mpenzi, nyeusi haitoki kwa kubembelezwa." Nikamwomba atie dawa kali, zikawa rangi ya chungwa. Niliporudi akakataa, akasema niziache zipumzike, la sivyo zitakatika. Nikanunua dawa, nikajipaka mwenyewe chumbani, nikaiacha hata ilipoanza kuchoma, ili ziwe kama zile unazozijua. Zilikatikia kwenye sinki, Mama, fungu kwa fungu, laini kama tambi zilizochemka. Zilizobaki hazifiki sikioni. Dukani nafunga kitambaa. Nawaonea aibu wale, na wewe nakuonea aibu zaidi. Mpe Ofelia ufunguo.

Nubia

San Roque, Jumapili ya Pasaka

Nubia mwanangu,

Ufunguo ninao. Ijumaa nilimfunga Bikira kitambaa cheusi, kile nilichovaa kwenye msiba wa marehemu baba yako. Ofelia akasema watu wasikie, "Mama wa Mungu mnamvika kama muuza viazi?" Nikamjibu, "Amefiwa na mwanawe. Aliyefiwa hasuki." Mwanamke mmoja akaanza kulia, tukambeba Bikira hivyo hivyo mpaka kilimani.

Wamenisifu, nami nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Njia nzima nilikuwa nakumbuka barua zangu. Niliuliza nywele, nikauliza tena nywele. Uliniandikia kwamba dawa ilikuchoma, na mimi usiku ule nikawaza Ofelia atasema nini.

Kichwa kinauma? Kina vidonda? Usijibu kwa posta. Barua hii anakuletea dereva wa leo, mimi napanda basi la kesho na majani ya shubiri. Nakuomba uniruhusu nikuoshe. Kama unaona haya nikuone, zima taa. Kichwa hicho nakijua kwa mikono.

Mama yako