Siku Mkweo Alipojikana Mlangoni

Shauri Moyo, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta mzima, na lile goti limeacha kukutesa. Huku sisi tu wazima, ila baridi ya Nairobi haina adabu, hata maji ya kutawadha yanauma. Mjomba Bakari anayekusomea mwambie asicheke kabla ya kufika mwisho. Habari ni ya mjukuu wako Zena, na nusura iwe ya kulia.

Chanzo ni sinema. Mkweo Athumani, kama ujuavyo, ni boi wa mezani kwa Mzungu huko Kileleshwa, na Jumamosi alitupeleka ukumbi wa mtaa kutazama picha ya Ulaya. Ilionyeshwa alasiri kwa sababu ya kafyu. Mama, nyumba ya bwana mkubwa wa picha hiyo yaweza kuimeza Shauri Moyo yote, na watumishi wake wote ni Wazungu! Alipotokea msichana mweupe pepepe, kapiga magoti anasugua sakafu, ukumbi mzima ulisimama. Wengi mle ni mayaya, maboi na wapishi. Mpishi mmoja mzee nyuma yetu akampigia kelele, "Kamua kitambaa, binti! Utaozesha mbao za watu!" Tulicheka mbavu zikauma.

Athumani hakucheka. Yeye macho yalikuwa kwa mtumishi mkuu, mtu wa kitambi na koti jeusi. Mgeni akija kumtaka bibi, huyo huingia ndani, akatoka na kusema, "Bibi hayupo." Na bibi yuko ghorofani anakula keki! Mgeni huinama, huenda zake, na kesho yake hurudi na heshima imezidi.

"Umeona, Mama Zena?" Athumani akaniambia njiani. "Mkubwa haonekani mara ya kwanza."

Nikaitikia tu. Nilidhani ni maneno ya kufupisha njia.

Sasa, kesho yake ndiyo wazee wa kina Salim walikuwa waje kumposa Zena. Salim ni yule fundi cherehani wa Gikomba niliyekueleza, kijana mpole, na Zena juu yake hali wala halali. Nilikaanga sambusa tangu asubuhi. Chumba chetu ni kimoja, basi mimi na Zena tukajificha nyuma ya pazia. Hodi ikapigwa. Nikachungulia, nikamwona mume wangu kasimama mlangoni na kanzu nyeupe ya kazini, mkanda mwekundu kiunoni, na glavu mikononi.

"Bwana Athumani, hodi," akasema Mzee Kombo, ami yake Salim, aliyewaongoza wenzake.

"Mwenye nyumba hayupo."

"Hayupo vipi? Si wewe huyo?"

"Mimi ni wa mlangoni. Mwenyewe hayupo. Jaribuni siku nyingine."

Wewe wajua, mama, mposaji akiambiwa hivyo amekataliwa. Mzee Kombo alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Kama binti hatolewi," akasema, "ungetuambia kiungwana." Wakageuka.

Nikaruka kutoka nyuma ya pazia. "Athumani, una wazimu?"

"Tulia," akaninong'oneza, mikono kaiweka nyuma. "Kesho watarudi na adabu zaidi."

Nilitamani kumpiga kwa sinia.

"Kesho?" Zena akalia. "Kesho watakwenda Pumwani kwa binti mwingine! Wameshatajiwa!"

Basi mjukuu wako akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona wala kulisikia. Mposwa haonekani, akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Zena alitoka mbio, miguu mitupu, unga mikononi, akapita bombani ambako wanawake wote wa mtaa walikuwa wanateka maji.

"Mzee Kombo! Rudini! Baba yupo! Nami nimekubali!"

Madebe yakawekwa chini. Nilipofika nikihema, Mzee Kombo alikuwa amesimama katikati ya njia na uso umekunjamana. Nikasema moyoni, kwisha habari yetu.

"Kwani tumeshakuuliza?" akamwambia Zena.

"Bado," Zena akajibu. "Ulizeni basi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, ikabidi wenzake wampige mgongoni. Wakarudi. Athumani alikuwa ameshavua glavu na kuketi kitini, jasho likimtoka, naye aliwakaribisha mara nyingi hata ikawa kero. Sambusa hazikubaki. Harusi ni mwezi wa Mfungo Pili, inshallah, na lazima uje.

Majirani wanasema Zena hana haya, na mimi mamake sikumfunza. Wacha waseme. Pale njiani ilinipasa kufa kwa aibu, lakini kusema kweli, mama, nilimwonea fahari mpaka machozi yakanitoka.

Nisalimie shangazi Mwanaidi mwuza mbaazi, na kaka Juma na mkewe, na Mjomba Bakari msomaji wetu, sasa anaweza kucheka. Baba mpe salamu za peke yake. Mwambie siku ile aliponiuliza kama namtaka Athumani, nami nikanyamaza kimya kama nilivyofunzwa, jibu langu lilikuwa ndiyo. Na nilitamani sana kulipigia kelele.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Khadija