Sauti ya Mama Jebet Imepotea, Nami Nimeimba Badala Yake

Kwako Mama Nanyama,

Nimekusoma gazetini tangu nikiwa chuo, nikiwacheka watu wanaokuandikia, na leo ni mimi nakuandikia na sioni cha kuchekesha. Naomba unisikize mpaka mwisho kabla hujanikemea, maana najua utanikemea.

Mimi naitwa Lynette, kwetu ni Siaya lakini kazi imenikalisha hapa Eldoret, nina studio ndogo ya kurekodi kwaya na waimbaji wa injili, na rafiki yangu wa karibu kuliko wote ni Jebet, mwimbaji, ambaye kwao ni Kapseret na mama yake alinipokea kama binti wa kuzaa, Krismasi nikikosa kwenda nyumbani nilikula kwao na hakuna aliyeniita mgeni. Mama Jebet alikuwa na tabia ya kuwaimbia ng'ombe akikamua, si wimbo wa maneno, ni sauti tu ya chinichini, na alisema asipoimba maziwa hayashuki vizuri. Mimi na Jebet tukaona tuihifadhi sauti ile, basi tukamkalisha sebuleni, tukatundika mablanketi madirishani, akaimba noti moja moja kutoka ya chini hadi ya juu, nami nikazikata na kuzipanga kwenye programu yangu ya muziki, ikawa ukibonyeza kinanda kila kitufe kinatoa sauti yake na unaweza kumwimbisha wimbo wowote. Alicheka sana siku hiyo, akaniambia, "Sasa wewe Lyn, kanisani naimba wimbo mzima, hapa unanipatia aa peke yake mchana kutwa?"

Mwaka jana presha ikamchukua, tukamzika.

Baadaye kompyuta yangu ikaanza kujaa, na wanaofanya kazi hii wanajua jinsi maktaba za sauti, yaani mikusanyo ya noti zilizorekodiwa kama ile ya Mama, zilivyo kubwa, ngoma ziko na yao, piano iko na yake, zinameza nafasi mpaka mashine inakwama na kwaya imesimama mbele yako inangoja, kwa hivyo nikanunua diski ya pili ya kuchomeka pembeni nihamishie kila kitu huko. Maktaba za kununua hazikunipa wasiwasi, ukizipoteza unaingia kwenye akaunti yako unazipakua upya, na nafikiri hapo ndipo nilipozoea kufuta bila kuangalia mara mbili. Nilipofika kwa ile ya Mama, nikaifungua kwenye programu, nikaihifadhi kwenye diski mpya, nikaijaribu ikaimba vizuri kabisa, moyo ukatulia, nikafuta folda ya zamani kwenye kompyuta na hata kapu la takataka nikalimwaga. Kumbe nilichohifadhi ni kifaili kidogo tu kinachoiambia programu sauti ziko wapi, sauti zenyewe zilikuwa bado palepale kwenye kompyuta, na nilipoijaribu ilikuwa inazichukua huko huko. Siku nyingine nikaifungua, nikakuta vitufe vyote vipo, jina lake lipo, hata picha yake niliyoiweka ipo, nabonyeza na hakuna kitu, ni ujumbe tu kwamba sauti hazipatikani. Na rekodi ya siku ile kabla ya kukatwa, nayo ilikuwa kwenye folda hiyo hiyo. Nililia, Mama Nanyama, nililia kuliko siku ya mazishi.

Sasa Jebet anaandaa ibada ya kumbukumbu, na ametunga wimbo, na anataka sauti ya mama yake isikike chini ya kwaya. Alikuja studio akaniuliza, "Lyn, ile sauti ya mathe iko safe, ama?" nikausikia mdomo wangu ukijibu, "Usijali, iko kwa hard disk." Akasema, "Basi mimi sina stress," akanikumbatia, na tangu siku hiyo nimejitupa kazini nirekodi kila kwaya inayonipigia ili nisipate muda wa kufikiri.

Halafu nikafanya jambo ambalo naona haya kuliandika. Niliimba mwenyewe, noti moja moja, nikaishusha sauti, nikaikwaruza kidogo iwe ya mtu mzima, nikaipanga kwenye kinanda na kuiandika jina la Mama. Imetokea vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha. Jebet anakuja Jumamosi tuanze kutayarisha wimbo. Nikimpa hii atafurahi, kanisa litalia, na hakuna atakayeumia ila mimi, lakini nikimwambia ukweli nitamvunja moyo wakati huu wa kumbukumbu na nahisi hatanitazama tena machoni. Natamani ningeacha ile kompyuta ijae mpaka ipasuke. Nifanye nini?

Lynette, Eldoret

MAMA NANYAMA ANAJIBU

Lynette, nimekusikiza mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa zamu yangu.

Kwanza pole, na pole hii inatoka moyoni, kwa sababu na wewe ulimpoteza mama, na hakuna mtu aliyekupa mkono wa pole kwa hili la pili. Kufuta nakusamehe. Ulijaribu kabla ya kufuta, na wengi hata hilo hawafanyi. Ulichokosa ni kuiweka kando ile folda ya zamani kwanza, uone kama diski mpya itaimba peke yake. Siku nyingine fanya hivyo, na kitu kisichopakuliwa tena kiwe na nakala mbili, zisikae nyumba moja.

Lakini hili la kujiimbia, Lynette, hapana. Jebet alibebwa mgongoni na mama huyo. Aliisikia sauti ile kabla hajajua jina lake mwenyewe, na wewe unataka kumwekea ya kwako umwambie ni mama? Hata wale ng'ombe wangegeuka wakutazame. Na asipotambua ni vibaya zaidi, maana ataicheza miaka yote, atawasikilizisha watoto wake, awaambie huyu ni nyanya yenu, kumbe ni wewe. Utakula ugali wa watu hao vipi?

Unasema hakuna atakayeumia. Huo ni woga wako umejivalisha nguo ya huruma. Unachoogopa ni macho ya Jebet, basi sema hivyo.

Sasa kazi. Ile kompyuta uliyofutia izime leo, usiiwashe hata kuangalia saa. Faili iliyofutwa mara nyingine hubaki humo mpaka kitu kipya kikalie nafasi yake, na wewe, binti wa studio, umekuwa ukirekodi kwaya juu yake. Wenye kwaya waambie wangoje. Ipeleke kwa mtu ambaye kazi yake ni kurudisha data, si kila mwenye bango la kutengeneza simu. Na usijipe matumaini makubwa, maana kompyuta nyingi za siku hizi zikifuta zimefuta. Lakini nenda.

Halafu kuna jambo hujalifikiria kwa sababu akili yote umeimalizia kwenye kuficha. Mama Jebet alikuwa na simu? Basi alituma sauti. Sisi akina mama wa umri huo hatupendi kuandika, tunabonyeza na kusema. Yuko kwenye simu za akina mama wa kanisa akiuliza nani ataleta sukari, yuko kwenye video za harusi akipiga vigelegele, yuko kwa dada zake. Si noti zako zilizopangwa, lakini ni yeye. Hata simu yako wewe, je, umeangalia? Ama unaogopa kumsikia?

Za wengine huwezi kuziomba wewe. Wa kuziomba ni binti yake, na binti yake hatafuti chochote kwa sababu ulimwambia sauti iko salama. Umemfunga mikono, Lynette. Simu za watu zinajaa kama kompyuta yako ilivyojaa, na kila siku unayonyamaza kuna mtu Kapseret anafuta video za zamani apate nafasi.

Usingoje Jumamosi. Nenda kwao, usimpigie simu, na ile uliyoimba ibaki huko ilipo. Mwambie, "Nilifuta sauti ya mama yako, na ulipouliza nikakudanganya." Ukimaliza hapo nyamaza. Usianze habari za folda, hakukuuliza. Akikufukuza, toka. Akinyamaza, kaa naye. Akikuuliza kama ulijaribu kuimba badala yake, mwambie ndiyo.

Atakukasirikia, na pengine urafiki hautarudi ulivyokuwa. Siwezi kukuahidi. Lakini msiba wa kwanza mlilia pamoja. Huu wa pili umekuwa ukiulilia peke yako, na mwenye mama hata hajui kwamba amefiwa tena. Nenda umwambie.