Nyumba ya Mzee Mungai

Mutuini,
14 Agosti 2006

Kaka yangu Kiarie,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Janice na watoto, na kwamba kazi ya huko Toronto inaendelea. Mimi afya ninayo. Moyo ndio umechafuka, kwa hivyo usitarajie nikuandikie kwa upole.

Mwezi jana alifika bwana mmoja anayeitwa Kaloki, na soroveya wake, na mkataba wenye sahihi yako. Alisema ameinunua nyumba ya Baba na ataibomoa ajenge nyumba za kupangisha. Nilimwuliza kama anajua hiyo ni nyumba ya nani. Akajibu kwamba anajua sana, alisoma vitabu vya Baba chuo kikuu. Yaani mtu amefundishwa kufikiri na Baba, halafu anapima chumba chake cha kuandikia aone choo kitakaa wapi.

Lakini Kaloki sina neno naye. Nina neno na wewe. Hati iliandikwa jina lako kwa sababu wewe ni mwanamume, basi. Wasomi walipotoka Makerere na Dar wakajaa kwenye ile baraza, wakibishana na Baba juu ya ardhi na haki hadi chai inapoa, nani alikuwa jikoni akipika nyingine? Ni Mama, na hukumwambia hata neno moja. Alisikia kutoka kwa soroveya kwamba amepewa siku thelathini ahame.

Hakulia. Aliniuliza kama huyo Kaloki anaogopa makaburi. Nikamwambia Dagoretti nzima hakuna atakayejenga ploti ya kupangisha juu ya mtu aliyezikwa. Akasema basi ile nafasi yake kando ya Baba, kule makaburi ya kanisa, apewe mwingine; yeye azikwe mlangoni mwa chumba cha Baba. Nilidhani ni hasira tu, lakini kifua kilikuwa kimeshamshika.

Kiarie, Mama alifariki tarehe tano. Tulimzika Jumatano, pale pale alipotaka. Mchungaji alikataa, nikamwambia aombe au aende zake, akaomba. Kaloki alikuja Ijumaa, akaona udongo, akavua kofia, akarudi kwenye gari. Anataka mkataba uvunjwe. Zungumza naye mwenyewe.

Kuna jambo moja nilitaka kukuficha, lakini nimeshindwa. Zile simu ulizokuwa ukikata ulifikiri nataka tugombane juu ya nyumba, na nyingi kweli nilitaka tugombane. Ile ya mwisho, ya Ijumaa tarehe nne, sikupiga mimi. Simu alikuwa ameishika Mama.

Nisalimie Janice, na watoto uwaambie Mama, shosho yao, aliwataja kila mmoja kwa jina.

Ni mimi dada yako,
Wanjugu