Koti la Umau Katikati ya Mtama

Susu, nyanya yangu,

Usidhani nimekusahau tangu tukuzike. Nimekasirika, na mtu wa kumwambia alikuwa wewe.

Juzi nilikuja Kyuso kuangalia shamba. Kufika kwenye mtama, namwona Umau, mume wako aliyetangulia miaka mingi, amesimama katikati amenyoosha mikono! Nusura nizimie. Kumbe ni lile koti lake la vita, limevalishwa vijiti lifukuze ndege, na ndege wenyewe wamelinyea mabegani. Koti ulilokuwa ukilianika na kulikunja mwenyewe, hutaki mtu aliguse!

Ni mwanao, Baba mdogo Mutua. Ati alilipeleka mjini Kabati kwa mnunuzi wa vitu vya zamani, na huyo bwana akaligeuza mara mbili tu, akasema vifungo ni vya plastiki, kila kimoja na rangi yake, kwa hivyo si la jeshi, ni la bawabu. Basi Baba mdogo akarudi akitangaza kwamba mzee alitudanganya, hakufika vitani Burma wala wapi. Baba yake mzazi! Hana hata haya.

Na wewe nawe, Susu, mbona uliniambia mimi peke yangu? Nakumbuka siku uliponivisha mkufu wako. Ulikuwa unasokota katani kwenye paja, ukaniambia ulikataa kuolewa na mtu anayeleta mbuzi peke yao. Umau akang'oa vifungo vya shaba vya koti lake, mhunzi akavivuta vikawa mkufu, akabakisha kimoja kizima cha kuufungia. "Nilimvua ujeshi wote," ulisema, ukacheka mpaka katani ikakuponyoka.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, nililitandaza koti mezani mbele yao. Nikang'oa plastiki ya juu. Chini yake palikuwa na tundu la duara, limeshonwa ukingoni vizuri, la kifungo cha kuchomeka, kama vile vya jeshi. Nikavua mkufu. Kipete cha nyuma ya kile kifungo kikapenya pale kama kimerudi kwao. Baba mdogo akakohoa, kisha akauliza kama sasa mtu wa Kabati atalinunua. Nikamwambia athubutu!

Pumzika, Susu. Koti nimelifua, liko kwangu mjini Wote, na plastiki zote nimezitupa. Nakuahidi sitalishonea kifungo kingine. Atakayeuliza vifungo viko wapi, nitamwonyesha shingo yangu.

Mjukuu wako,
Mwende