Bafu la Vigae Vilivyovunjika

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka Nakivale. Bibi yako hajambo, anapalilia maharage, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Unauliza utapendezeshaje bafu lako dogo la Kakiika kwa pesa kidogo.

Nilipokuwa karani kijana, mkubwa wangu alinituma Mbarara nikanunue vigae vyeupe vya bafu la ofisi. Nilivifunga kwenye pikipiki bila kutia nyasi katikati. Nilipofika ofisini, karibu vyote vilikuwa vimevunjika. Nikajua kazi nimeshaipoteza.

Mama Riziki, fundi wetu kutoka Kivu ya Kusini, alizungusha macho bafuni, akacheka. "Karani, unaogopa nini? Hii fasi ni kadogo, hata bigae bizima ningebikata. Leta bipande."

Alivipanga kimoja kimoja ukutani, akabandika kioo mkabala na dirisha. Mwanga ulipoingia, bafu lilipanuka mbele ya macho yangu.

Asubuhi mkubwa alikuja. Nilisubiri kufukuzwa. Alisimama mlangoni, akavua viatu ndipo akaingia.

Basi ulizia vigae vilivyovunjika madukani, utafute na fundi mwenye jicho zuri la kupanga. Ukimaliza, niite. Nitavua viatu mlangoni.

Babu yako